Chupa Tatu za Baba

Nilipopangiwa kufundisha Kasulu mwaka 2012, baba yangu alikuwa amekorofishana na nusu ya kijiji chetu kule Dodoma. Wenzake waliuza zabibu zao shambani. Yeye alizikamua, akatengeneza divai nyekundu, akatangaza kwamba itakuwa nzuri zaidi ikizeeka. Wakamcheka. Ndipo akanipa kazi: kila Desemba nikienda likizo angenipa chupa moja ya mwaka huo, niitunze kwenye baridi ya Kasulu. Zikifika tatu nizionje kwa pamoja, nimwambie ukweli. Kama divai yake haizeeki vizuri, angeng'oa mizabibu apande alizeti.

Nilizilaza chini ya nyasi kavu, bandani kwa mama mwenye nyumba wangu, mpika pombe ya ndizi. Pombe yake hunyweka siku ya tatu, siku ya saba humwagwa. Nilipomweleza habari ya kusubiri miaka mitatu alinitazama kwa huruma.

"Ngojangoja huumiza matumbo, Mwalimu."

Julai 2015 nikatoa chupa zote. Ile ya 2012 ilikuwa imezibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa.

"Nilikuokoa," mama akasema bila hata chembe ya aibu. "Uliikaza mno. Pombe ikikosa pa kupumulia hupasua chombo. Nikaifungua ulipokuwa likizo. Haikutoa hata povu, basi hizo nyingine nikaziacha."

Nilikasirika. Chupa niliyoingoja kuliko zote ilikuwa imegeuka siki, ya kutilia kachumbari.

Nikamimina zilizobaki kwenye bilauri za chai. Mama naye akaonja, maana alikuwa amesimama palepale na haondoki. Ya 2014 ilikuwa na ukakasi wa kukamata fizi. Akakunja uso: "Ndizi isiyoiva." Ya 2013 ilikuwa na ukakasi uleule, ila umelainika, na nyuma yake ladha ya zambarau zilizoiva, iliyobaki mdomoni muda mrefu baada ya kumeza. Mama akanywa, akanyoosha bilauri tena.

"Hii imepunguza hasira," akasema. "Nguvu haijapunguza."

Hasira yangu nayo ikapungua. Nikampigia baba simu, nikamweleza yote, pamoja na ile siki. Nikaogopa kwamba mizabibu imekwisha.

"Huyo mama alirudia ipi?"

"Ya mwaka wa kumi na tatu."

"Mwenyewe? Hukumbembeleza?"

"Alinyoosha bilauri, baba."

"Basi alizeti isubiri."

Mwezi uliofuata akatuma chupa mbili kwa basi. Yangu aliizungushia waya shingoni. Nyingine ilikuwa ya mama, aifungue siku atakayopenda mwenyewe. Nilimpelekea kwa furaha. Akaigeuzageuza kwenye mwanga, akakibonyeza kizibo kwa kidole gumba, kisha akaenda nayo bandani na kuifunika nyasi.

"Hii bado ina hasira," akasema.