Siku Bibi Aliponiamkia

Ilianza Jumamosi, saa moja na robo asubuhi. Nilikuwa nafagia uani nikiwa nimeshavaa sare ya shule. Bibi akatoka ndani, akasimama mbele yangu, akainama kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mimi! Mjukuu wake niliyelala naye kitanda kimoja tangu chekechea. Wengine alishawasahau, nikabaki mimi tu. Na sasa hata mimi. Nitamwitikiaje bibi yangu marahaba? Mdomo ulikataa. Nikachukua begi nikaondoka, naye akabaki amesimama pale, anasubiri.

Shuleni, klabu yetu ya baiolojia, inayokutana kila Jumamosi, ilikuwa na ubongo wa mbuzi kutoka buchani. Ulikuwa umelowekwa kwenye spiriti mpaka ukakakamaa kama ugali uliolala. Madam, mwalimu wetu, aliuzungushia nta ya nyuki iliyoyeyushwa, ile ya Itigi, usiteleze. Kazi ilikuwa kuukata kwa wembe, vipande vyembamba vya kupitisha mwanga.

Cha kwanza changu wenzangu wakakicheka. "Hiyo chapati! Daktari, tuletee na chai!"

 Nikalowesha wembe, nikauvuta polepole bila kukandamiza. Kikatoka kitu kama utando wa maziwa. Nikakiweka majini, kikajikunjua chenyewe, kikaelea. Nikakiopoa kwa unyoya wa kuku, nikakilaza kwenye kioo, nikakidondoshea rangi ya bluu, nikakisuuza.

Ndani ya hadubini kulikuwa kimya. Bluu juu ya bluu, na madoa, ndizo seli zenyewe, yametawanyika kama mawe yetu ya Singida ukiyatazama kwa mbali, mengine yamekumbatiana, mengine peke yake. Nilitembea humo muda mrefu. Najua ni ujinga, ila nilikuwa natafuta pale jina langu lilipodondokea.

"Madam," nikanong'ona, "kumbukumbu inakaa doa gani?"

"Haikai doa moja, mwanangu. Yanashikana, yanapeana habari. Yakiachana, mtu anasahau. Halafu huyo ni mbuzi!"

Wakacheka. Nikacheka pia, jicho likiwa bado kwenye hadubini.

"Yakishaachana, yanarudi?"

Madam akaacha kucheka. "Kwa kawaida hayarudi."

Jumapili asubuhi Bibi akatoka tena, akainama vilevile. Kumbe mimi nimepotea, lakini adabu zake bado zimeshikana.

"Shikamoo, mama."

Nikalaza ufagio chini, nikampokea kwa mikono yote miwili.

"Marahaba," nikasema. "Umeamkaje?"