Filamu Ambayo Dada Yangu Hakuimaliza

Harufu ya njugu zinazokaangwa kwa chumvi hunikalisha, popote nilipo, kwenye benchi la mbao ndani ya jumba la sinema la Tororo. Miguu yangu haifiki sakafuni. Nje ni saa nane mchana na jua limekaa juu ya bati. Ndani ni giza lililotobolewa na matundu ya misumari, na kwenye kitambaa mbele yetu msichana wa Kihindi wa miaka kama kumi na sita analia bila kujifuta machozi. Kando yangu dada yangu Awor analia naye. Njugu ziko mapajani mwangu kwenye kipande cha gazeti, nami nazila zote peke yangu, maana anayelia hali.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru ukiwa bado mpya. Baba yetu alikuwa katekista, na tuliishi katika nyumba ya kanisa, chini ya mwamba mkubwa unaosimama juu ya mji. Yeye ndiye aliyesoma matangazo ya ndoa kila Jumapili, kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza zamu za kufagia kanisa. Sinema hakuipenda, ila hakutukataza. Alisema macho hayana pazia, lakini miguu ina mlango, na mradi tumerudi kabla ya jua kuzama, hana neno.

Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi. Mvulana na msichana wa shule wanakutana bombani wakiteka maji, wanapendana, baba wa msichana anakataa. Mvulana anafukuzwa mji, msichana anaacha kula. Mwishowe mzee mwenyewe anakimbia stesheni, anavua kilemba mbele ya umati, anamwomba mvulana msamaha na kuwashikanisha mikono. Maneno hatukuyaelewa hata moja. Nyuma yetu alikaa fundi cherehani aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la Wahindi, naye ndiye aliyetufasiria. Wiki moja alisema msichana anaumwa malaria, wiki iliyofuata akasema ni moyo. Hakuna aliyejali. Wasichana wa Tororo walianza kufunga utepe mwekundu kichwani kama yule wa filamu, hata wale ambao nywele zao hazikutosha kushika utepe.

Awor alikuwa na miaka kumi na sita, mimi tisa. Nilikuwa napelekwa kila Jumamosi ili asiende peke yake, na kwa muda mrefu sikujua kwamba hakuwa akienda peke yake hata kidogo.

Kulikuwa na kijana jina lake Wandera. Alitoka Busia, upande wa Kenya, na kila Jumamosi alikuja na baba yake kwenye lori kuuza samaki wakavu sokoni. Wakimaliza, alinawa mikono kwa ndimu mpaka kwenye viwiko, akaja kukaa benchi letu, nafasi ya mtu mmoja ikiachwa kati yake na Awor. Nafasi hiyo ilikuwa yangu. Nilikaa pale kama ukuta, nikinusa samaki upande mmoja na mafuta ya nazi upande wa pili. Walizungumza juu ya kichwa changu, kwa Kiswahili cha mpakani.

Siku moja Wandera akaniamkia kwa lugha yetu ya Kipadhola, bila kukosea, kama nyanya anavyotuamkia asubuhi. Nilifurahi mno. Nikamwuliza kafundishwa na nani.

"Mama," akasema. "Mama alizaliwa Mulanda."

Mulanda ndiko kijijini kwetu. Awor akanifinya paja na kuniambia nitazame filamu. Nilidhani nimekosa adabu. Kwetu swali la kwanza unalomwuliza mgeni ni ukoo wake, hata kabla ya kumpa kiti, na dada yangu alikuwa bingwa wa kuuliza. Wandera peke yake ndiye ambaye dada hakumwuliza kamwe. Katika ile filamu pia hakuna aliyemwuliza mwenzake ukoo.

Wakati wa likizo tulikwenda Mulanda kwa nyanya, mama yake baba. Nilikuwa nikimsaidia kupepeta wimbi, na kama mtoto mwenye habari tamu asivyoweza kunyamaza, nikamwambia kwamba Awor amepata mchumba Mkenya anayejua lugha yetu, na kwamba mama yake ni wa hapa hapa. Nilitaka afurahi. Akauliza jina la huyo mama. Nikalitaja, kwa maana nilikuwa nimempeleleza Wandera Jumamosi iliyofuata ile ya salamu, Awor alipokwenda kununua njugu. Nyanya akaweka ungo chini. Alivaa gomesi yake ya kanisani, siku ya kazi, akaenda kumtafuta mtu wa kumpeleka Tororo.

Mama yake Wandera alikuwa binti wa ukoo wetu, yaani dada kwa baba yetu. Nasikia pwani binamu huoana na watu wakala pilau. Kwetu mtoto wa binti wa ukoo ni ndugu yako, na anayemwoa ndugu yake hapati pa kuzikwa.

Awor hakubishana. Aliacha kula, hivyo tu. Alilala na uso ukutani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mimi sikuogopa, kwa kuwa nilijua kinachofuata; nilikuwa nimekiona mara tano. Nadhani naye alikingoja. Siku ya nne baba akaingia na bakuli la uji, akakaa sakafuni, yeye ambaye hata watoto wa kipaimara waliinuka akipita.

"Awor," akasema, "ningekuwa nimekataa mimi, leo ningekubali. Sikukataa mimi. Yule ni mtoto wa dada yangu."

Dada akamwuliza kama hakuna mtu yeyote wa kuombwa, padri au wazee. Baba akasema amekwisha waomba wote. Alikuwa amekwenda hadi Mulanda kwa baiskeli na kurudi, na wazee walilia naye, lakini hakuna mzee anayeweza kumbadilisha aliyekwisha zaliwa.

Awor akageuka, akapokea bakuli, akanywa uji. Nilikasirika. Niliona ameshindwa mapema.

Jumamosi Wandera alikuja nyumbani. Baba alimpokea vizuri kuliko mgeni yeyote niliyepata kumwona. Alimwita mpwa, akamkalisha kwenye kiti chake, akampa jogoo ampelekee mama yake, kama ilivyo desturi. Awor alileta maji ya kunawa. Alimmiminia mikononi, naye akanawa, hawakutazamana. Nilimwona kijana yule akienda sokoni na jogoo kwapani, jogoo akipiga kelele njia nzima, nami nikacheka. Hatukumwona tena.

Baada ya mwaka Awor aliolewa na seremala mjane wa Masafu. Baba alisoma matangazo mwenyewe, Jumapili tatu, kwa sauti ile ile ya zamu za kufagia.

Filamu ilirudi. Ilirudi karibu kila mwaka, ikiwa na mikwaruzo kama mvua, na mabenchi yalijaa kama zamani. Kila iliporudi Awor alikuja kutoka Masafu kwa basi, mtoto mgongoni, kisha wawili. Alikaa, akalia mahali pa kulia. Lakini msichana alipoacha kula, kabla mzee hajatoka kwenda stesheni, Awor aliinuka akatoka nje. Sikuwahi kumwona akikaa hadi mwisho. Niliwaambia wenzangu kwamba dada yangu ana wivu na furaha ya watu.

Nilimwuliza sababu tulipokuwa watu wazima, baada ya kumzika baba. Tulikuwa tunamenya maharage kwake.

"Yule mzee wa kwenye picha anaomba msamaha," akasema. "Baba yetu hakuwa na kosa la kuombea. Ningekaa nikamsikiliza yule, ningerudi nyumbani namchukia baba bure."

Na mimi je, nikasema. Nikamkumbusha ni nani aliyempelekea nyanya habari. Akasema nyanya angejua tu, siku moja, na pengine yeye Awor akiwa na mtoto tumboni.

Nilipokuwa mdogo niliamini kwamba kila huzuni ina mwenyewe, mtu fulani aliyeisababisha, na kwamba akipatikana akalainishwa, mambo yatanyooka. Ndiyo maana tuliipenda ile filamu, na nadhani ndiyo maana hadithi ya namna ile haichuji: inakupa mtu wa kumlaumu, kisha inampigisha magoti. Dada yangu alikuwa na miaka kumi na sita alipogeuka kutoka ukutani na kugundua kwamba huzuni yake haikuwa na mwenyewe. Aliishi nayo Masafu miaka arobaini, na sikumwona akimnunia mtu.