Kapiteni Aliyetoka Uwanjani Ili Wasichana Wacheze

Habari ilinifikia Jumapili, watu wakitoka kanisani hapa mtaani Himbi. Mama mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye siku hizi ni bibi mwenye wajukuu, alinishika mkono kando ya barabara akaniambia, "Mwalimu, kapiteni ametuacha. Alilala jana, hakuamuka tena." Hakutaja jina, wala sikuuliza. Kwa watu wa rika letu katika mji wa Goma kapiteni alikuwa mmoja tu: yule mama muuguzi, mrefu, mwenye sauti nzito, aliyeongoza timu ya wasichana ya mpira wa kikapu. Wasomaji wangu wa kila juma wanajua kwamba siandiki mara nyingi juu ya marehemu. Naogopa kuwasifu mno watu ambao tulipokuwa nao hatukuwasifu hata kidogo. Na huyu hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Nilikuwa mwalimu kijana, naye aliniomba niwe mshika saa wa mechi zao; hivyo kwa miaka kadhaa niliketi kwenye meza ndogo kando ya uwanja na kumwona akifanya kazi. Lakini aliyoyafanya mbele ya meza ile nimeyafikiria mara nyingi kuliko mengi niliyoyasoma, na leo nataka kuyasimulia kwa fahari.

Ilikuwa miaka ya Zaire, wakati ofisini tulipokuwa tukiitana sitwaye, yaani raia, na Jumamosi tukienda salongo, ile kazi ya pamoja ambayo hakuna aliyethubutu kuikwepa. Uwanja wenyewe ulitokana na salongo. Tuliondoa mawe meusi ya volkano, tukamimina saruji, na fundi mmoja wa gereji akatuchomelea vyuma vya vikapu. Aliyeanguka ndani ya saruji aliinuka akijipangusa. Aliyeanguka nje, kwenye mawe, aliinuka na magoti yaliyochunika. Timu ya kwanza ilikuwa ya wanawake wazima, na walijua kushinda. Kisha ndani ya vakansi moja, likizo moja tu ya shule, ikayeyuka. Mfungaji wao mkubwa aliolewa akamfuata mumewe Kinshasa. Wengine walichukuliwa na timu za Bukavu na Kisangani, zilizowatafutia kazi. Wengine walizaa na hawakurudi. Alibaki kapiteni peke yake, na magoti yake tayari yalikuwa yameanza kumsumbua.

Prezida wa komite ya timu, mzee mwenye abakosi, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi vizuri, alipendekeza timu ipumzike mwaka mzima hadi wapatikane wakubwa wengine. Kapiteni alitaka kuijaza na wanafunzi wa lise, shule yetu ya sekondari. "Sitwaye," prezida alimwambia mbele yetu, "ile timu ya Bukavu ni ya wanawake wenye nguvu. Utapeleka batoto wa masomo kule? Watatuchekea." Kapiteni akamjibu bila kupandisha sauti, "Muzee, na sisi tulikuwa batoto wa masomo. Tukipumuzika mwaka moja, hata uwanja hautakuwa uwanja tena, utakuwa soko." Walimruhusu, nadhani kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kubeba lawama.

Katika kalasi yangu kulikuwa na msichana mwembamba, binti wa dereva wa lori, kutoka familia ya Waislamu wenye asili ya Maniema. Alikuwa na mbio na macho makali. Kapiteni alipomwona akicheza na wenzake uani aliniomba nimsindikize kwa baba yake. Tulimkuta dereva amelala chini ya lori, anakaza nati. Alitusikiliza akiwa kule kule chini, kisha akatoka akifuta mikono. "Mwalimu, mimi sikatazi muchezo," alisema. "Lakini leo hamuna wakubwa, ndiyo sababu munakuja kuomba batoto wetu. Kesho wakubwa wakirudi, mutamuambia mutoto yangu: kaa pale, leta maji." Nilitaka kumtuliza kwa maneno mengi ya kiualimu. Kapiteni alinitangulia. "Papa, wakubwa wakirudi, watamukuta ndani. Na kila siku ya mazoezi nitamurudisha mimi mwenyewe mbele ya magharibi." Dereva akamwuliza, "Unaapa?" Naye akasema, "Siapi, Papa. Ninakuambia tu." Tangu siku ile nilikuwa nikimwona akipanda kutoka uwanjani na yule msichana, jua likiwa bado juu ya ziwa, mmoja mrefu kama mlingoti na mwingine akikimbiakimbia ili amfikie.

Mechi yao ya kwanza ya maana ilichezwa Bukavu, nao walipigwa vibaya sana. Sitaki kuandika matokeo. Wenyewe hawakupenda yatajwe. Katika meli ya kurudi wasichana walikaa kwenye sitaha wamejifunika vikwembe vichwani na kulia. Nilitegemea kapiteni awabembeleze. Alinunua ndizi za kuchoma, akagawa, akakaa katikati yao na kuuliza, "Sasa, nani aliona nini?" Hawakumwelewa. Akarudia: kila mmoja aseme jambo moja aliloliona kwa wapinzani. Mmoja alisema wanachoka haraka. Mwingine alisema wanagombana wao kwa wao. Binti wa dereva alifunua uso wake, macho bado yamevimba, akasema, "Ule murefu wao, mwenye alitufunga sana, hajui kupiga balo chini na mukono wa kushoto. Akienda kushoto anaangalia chini." Kapiteni aliacha kutafuna. "Mimi nimecheza naye miaka," alisema, "na sikuona." Tangu hapo hakuna aliyelia. Walibishana juu ya Bukavu mpaka tukaona taa za Goma.

Wakafanya mazoezi msimu mzima, wakashinda kidogo, wakashindwa tena, na hatimaye Bukavu wakaja kwetu kwa mechi ya kuamua nani angeuwakilisha mkoa. Juma lile lile yule mfungaji wetu wa zamani alirudi kutoka Kinshasa kuwasalimu wazazi wake. Mji mzima ulifurahi. Prezida wa komite akamwandikisha siku ileile na kumpa jezi, kisha akamwita kapiteni kando ya meza yangu. "Mungu ametutumia mutu," alisema. "Toa mutoto wa dereva, weka huyu." Kapiteni alikataa. Alisema rafiki yake atakaa kwenye benchi, na akihitajika ataingia, lakini wasichana waliofanya mazoezi ndio watakaoanza. Prezida akamwonya kwamba wakishindwa jina litakaloharibika ni lake yeye. "Ninajua, Muzee," alisema, akaenda kufunga viatu.

Nimeona mechi nyingi tangu siku ile, na sijaona nyingine kama ile. Watu walikuwa wamesimama hadi kwenye mawe. Baba wa msichana alikuwa ameegesha lori lake nyuma ya kikapu, akapanda juu ya kichwa cha gari ili aone. Hadi dakika za mwisho timu zilikuwa sare, na wasichana wetu walikuwa wameanza kuogopa. Kila aliyepata mpira aligeuka kumtafuta kapiteni. Bukavu waligundua, wakamwekea watu wawili, na mara tatu mfululizo mpira wetu ukapotea mikononi mwake. Ndipo akaja kwenye meza yangu, anahema. "Mwalimu, mimi ninatoka." Nilidhani ameumia. Nikamwangalia mama wa Kinshasa, yule mfungaji wetu wa zamani, ambaye tayari alikuwa amesimama na kuvua koti, na uwanja wote ukaanza kumshangilia. Lakini kapiteni alikuwa anamnyooshea kidole msichana mdogo kuliko wote, aliyekuwa mwisho wa benchi. Prezida aliruka kutoka kitini. "Umepata wazimu? Na dakika ya mwisho?" Kapiteni akamjibu, na haya ndiyo maneno niliyomsikia akisema, akiwa ameshika ukingo wa meza: "Nikibaki ndani, wananitafuta mimi. Nikitoka, watatafuta kikapu." Mama wa Kinshasa aliyasikia. Kisha akavaa koti lake tena, akamsukuma yule mdogo mgongoni na kusema, "Nenda, mutoto. Uwanja ni yenu."

Kwa mara ya kwanza tangu timu ile ianzishwe hapakuwa na mtu mzima ndani. Yule mrefu wa Bukavu alikuja na mpira, binti wa dereva akajiweka upande wake wa kulia na kumwachia kushoto peupe. Mrefu alikwenda kushoto, akaangalia chini, na mpira ukagonga mguu wake. Msichana aliunyakua na kukimbia. Alipofika katikati nilimwona akigeuza kichwa kumtafuta kapiteni, kama kawaida, akakosa. Akatazama mbele. Yule mdogo aliyeingia karibuni alikuwa peke yake chini ya kikapu, amenyoosha mikono, akapewa, akafunga. Bukavu walirusha mara moja tena, mpira ukazunguka chuma na kutoka, nami nikapiga ile rimu ya gurudumu tuliyokuwa tukiitumia kama kengele, nikaipiga mpaka mkono ukauma. Kapiteni hakukimbia uwanjani pamoja na watu. Alikaa kwenye benchi akiwatazama wasichana wakibebwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kazi ndefu na kuiona ni nzuri. Giza lilikuwa linaingia alipofika dereva. "Mama, magharibi imepita," alisema. Kapiteni akaanza kuomba radhi. "Hapana," dereva akamkatiza, "nimekuja kuwaita. Leo ninyi wote munakula kwangu." Tulikula wali na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, kwenye mkeka mmoja, watu wa asili ya Masisi na wa Maniema, na prezida wa komite katikati, anasimulia jinsi alivyowaamini wasichana tangu mwanzo. Hakuna aliyembishia.

Nisiwadanganye wasomaji. Timu changa haikuwa dawa ya kila kitu. Walipokwenda mashindanoni walirudi mapema, na mwaka uliofuata Bukavu wakalipiza kisasi. Lakini timu haikufa. Binti wa dereva alivaa jezi ya taifa. Yule mdogo, ambaye ndiye mama aliyenipa habari Jumapili, amefundisha wasichana wengine kwa miaka mingi. Katika ofisi zetu, katika parokia na hata katika magazeti, tunasema bila kuchoka kwamba vijana ni wa kutegemewa, huku mpira tumeukumbatia kifuani. Tunawaita tunapokosa watu na kuwarudisha mlangoni tunapopata wakubwa. Kisha tunashangaa kwamba hawajui kuamua, kana kwamba kuna siku tuliwaachia jambo la kuamua.

Mwaka huu, kabla ya ugonjwa kumlaza kabisa, nilikwenda kumwona nyumbani kwake na nikamwuliza jambo ambalo sikuwahi kumwuliza: dakika ile alipotoka, alikuwa na hakika watashinda? Alicheka mpaka akakohoa. "Hakika gani, Mwalimu? Niliogopa mpaka miguu ilitetemeka, ndiyo sababu nilishika meza yako. Lakini ningengoja woga uishe kwanza, wale batoto wangezeekea kwenye benchi." Wenye timu, ofisi na nyumba za kuongoza, naomba tujifunze kwake kuwapa vijana nafasi wakati bado tunaogopa.