Mseja wa Marekani

Siku ya kugawa shamba, Marieta aliamka na nia moja tu: kumwumiza mume wake, Lameck, pale pale panapouma. Hakuionea haya nia hiyo, wala hakumwomba Mungu amwondolee. Alikama ng'ombe, akaoga, akavaa kitenge kile kile alichovaa siku walipofunga ndoa kanisani, akashuka bondeni kwa wakwe.

Ukitaka kuielewa hasira yake, anzia kwenye harusi. Lameck alikuwa ameshalowea Marekani, ana makaratasi ya huko na kazi ya kutunza wazee. Akaja likizo kijijini kwao Maretadu, akaoa mbele ya kanisa zima, akaondoka kabla mahindi hayajabeba, akiahidi kumwombea mkewe kibali cha kumfuata. Marieta akabaki kuwa mke wa Lameck. Alilima, akapalilia, akamuuguza baba mkwe. Ni yeye aliyempandisha basi kwenda hospitali Haydom, akalala sakafuni kando ya kitanda chake mpaka mzee alipokata roho. Na kila akiuliza habari za kibali, jibu lilikuwa vuta subira, mke wangu, huku mambo ni taratibu.

Baada ya mazishi, Lameck mwenyewe akapasua jipu kwenye simu, tena kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za mvua.

"Kila mwaka huku tunajaza ritani, ile fomu ya kodi," alisema. "Kuna mahali unaeleza kama una mke au huna. Mimi nimekuwa nikisema sina."

"Huna nini?"

"Sina mke. Rafiki yangu alinishauri. Ukisema una mke, halafu ukajaza peke yako, kuna nafuu unazikosa. Sasa wakili anasema anayemwombea mke lazima aambatanishe ritani zake, na zangu zinasema mimi ni mseja. Itabidi nizirekebishe zote, nilipe pengo na faini."

"Basi zirekebishe."

Lameck akasema ameamua kusimamisha maombi kwanza. "Wewe si upo nyumbani? Hupungukiwi na kitu."

Hupungukiwi na kitu! Afadhali angemtukana. Mtu analala kwenye sakafu ya wodi kwa ajili ya baba yako, na wewe kila mwaka unakaa umeshiba, unaihakikishia serikali kwamba mtu huyo hayupo. Ukipewa nafasi ya kusema yupo, unaona gharama. Marieta hakulia. Alisema "sawa," akakata simu, na tangu siku hiyo akawa mpole kiasi cha kutisha. Lameck, kwa akili zake, akadhani yameisha.

Katika ukoo ule, shamba la marehemu hugawiwa wana wenye nyumba zao. Mwana aliye mbali husimamiwa na mkewe: anawakabidhi wazee kibuyu cha pombe ya asali, wakinywa tu, kipande ni chake. Asiye na mke hana wa kumtolea kibuyu, na sehemu yake hushikwa na kaka mkubwa mpaka aoe. Lameck alikuwa anakimezea mate kipande cha kando ya barabara. Picha ya ghorofa aliyotaka kujenga pale ilikuwa kwenye simu ya kila ndugu. Ndicho kipande hicho hicho alicholima Marieta, na maharage yake yalikuwa yanatoa maua. Alijua atayapoteza. Aliyatazama alipopita njiani, akaendelea kutembea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mkamwana," alijibu Basili, mdogo wa marehemu, aliyeongoza kikao. Gidion, kaka mkubwa wa Lameck, alikuwa ameshika simu na kuongeza sauti, maana Lameck alikuwa hewani akisikiliza kila neno.

Zamu ya Lameck ilipofika, Basili akanyoosha mikono kupokea. Marieta akakiweka chini kibuyu alichokuja nacho, miguuni pake mwenyewe.

"Nisamehe, baba mdogo. Siwezi kumsimamia Lameck. Lameck hana mke."

Watu wakaguna. "Unaumwa, mwanangu?" Basili aliuliza.

"Siumwi. Ameiambia serikali ya Marekani hivyo kila mwaka tangu tutoke kanisani. Nilimwambia arekebishe, akaona gharama. Huyo hapo hewani, mwulizeni."

Basili akaisogelea simu. "Lameck, ni kweli?"

"Baba mdogo, hayo ni mambo ya kodi ya huku! Hayahusiani na nyumbani!"

"Sijakuuliza yanahusiana na nini. Ulisema huna mke, au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi Gidion atashika sehemu yako mpaka utakapooa." Gidion hakujisumbua hata kuficha furaha yake.

Hapo Lameck akapagawa. "Marieta ni mke wangu! Wote mlikuwepo kanisani! Baba mdogo, huyo ni mke wangu wa ndoa, mke wangu!"

Marieta alikuwa ameyasubiri maneno hayo tangu harusini. Aliyaacha yaishe yote, moja baada ya jingine, na yalikuwa matamu. Kisha akainama karibu na simu.

"Umesema vizuri," alimwambia. "Sasa kawaambie na hao wa kodi."

Akabeba kibuyu chake kikiwa bado kimejaa, akapanda kilima kurudi kwa mama yake, si kwa mume. Asubuhi iliyofuata, akiwa mlangoni kwao, aliwaona ng'ombe wa Gidion wamo ndani ya maharage. Hakwenda kuwafukuza.