Bujiku Alivyoijua Omani

Bujiku alipopata kazi ya kuchunga ngamia Omani, aliwaaga majirani zake wa Mhunze kama mtu anayekwenda huko kufundisha. Hata Dar es Salaam alikuwa hajafika, lakini nchi ile aliieleza utadhani amezaliwa huko.

"Waarabu hawacheki," alitangaza. "Na chakula chao ni tende tu, asubuhi mpaka jioni."

Mkewe, Mbuke, aliyekuwa akipepeta choroko, akasema, "Basi utarudi mtamu."

Mwenye ngamia, Mzee Seif, alimpokea Omani, nyumbani kwake katika mji wa Ibra, amevaa kanzu nyeupe pe na kofia ya darizi. Kahawa ikaletwa kwenye vikombe vidogo kama vya watoto kuchezea. Bujiku akanywa, akamiminiwa tena. Akanywa, maana kukataa cha mwenyeji ni utovu wa adabu. Akamiminiwa tena na tena, mpaka moyo ukamdunda kifuani. Hapo akanung'unika kwa Kisukuma, akijua fika hakuna wa kumwelewa, kwamba huyu kizee anataka kumuua kabla hajamwona hata ngamia mmoja.

Mzee Seif akamtazama. Kisha, kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko cha Bujiku, akamjibu, "Ukitosheka, tikisa kikombe. Nani kakuambia umalize birika?"

Bujiku alitamani ardhi ipasuke immeze. "Shikamoo, mzee," ndilo neno pekee lililomtoka.

"Marahaba. Mimi nimezaliwa Shinyanga. Baba yangu alikuwa na duka huko." Mzee akacheka mpaka akashika mbavu.

Jioni wakaja binamu za Mzee Seif kumwona Msukuma. Mmoja alikulia Nzega, mwingine Tabora, wote wanataka habari za mvua na ng'ombe. Wali wa mbuzi ukaandaliwa kwenye sinia moja, Bujiku akala hadi akashindwa kuinuka.

Ramadhani ilipofika, hakuna aliyemlazimisha kufunga, yeye si Mwislamu. Lakini aliona haya kula mbele ya watu, akajificha nyuma ya ngamia na mkate wake. Ngamia akageuza shingo, akaumeza wote. Siku hiyo Bujiku alifunga bila kupenda, na magharibi ilipoadhiniwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye futari.

"Karibu, mfungaji," Mzee Seif akamwambia, akimsogezea tende.