Somo la Bwawa la Matete

Walimu wetu hapa Wirrapinda hutoka pwani, safari ya siku mbili kwa gari. Wanakaa miaka miwili, wanajipatia alama za kuwawezesha kuhamia shule za huko kwao, hao wamekwenda. Kila anayekuja, dada yangu Delma ndiye anayempokea. Kazi yake hiyo miaka kumi na minane: msaidizi wa walimu. Anawafundisha kwa nini mtoto huyu hakutazami machoni ukimgombeza, kwa nini yule hawezi kukalishwa karibu na mtoto anayehesabiwa shemeji yake. Mwalimu akishaiva, anaondoka. Mimi nafagia shule hiyohiyo na nimewaaga kumi na wanne. Nilimwambia, “Delma, unatwanga maji kwenye kinu.” Akaniambia nifagie yangu.

Alichokitaka Delma kwa walimu hao ni kitu kimoja tu, kwamba mmoja wao asimame darasani na kueleza yaliyotokea Bwawa la Matete. Wafugaji wa kizungu walifika pale alfajiri na farasi na bunduki wakaua watu wetu, wenyeji wa nchi hii, kisa fahali wao mmoja aliyechinjwa. Bibi yetu alikuwa mchanga. Mama yake alijizamisha kwenye matete, maji mbavuni, akamtia titi mdomoni ili asilie. Bibi huyo jina lake silitaji, kwetu haifai. Leo katika darasa moja wapo watoto wa ukoo wa waliopigwa risasi na wa ukoo wa waliopiga, wanaazimana penseli, na hakuna anayejua.

Walimu walikuwa wakijua. Delma aliwaambia wote, na wote waliogopa wenye ng'ombe, uzao wa wafugaji wale. Basi ikifika Wiki ya Maridhiano watoto wanakata viganja vya karatasi, wanavipaka rangi, wanakula keki, tayari, tumeridhiana. Nani wa kuokota hivyo viganja sakafuni? Mimi.

Kisha akaja Callum. Kijana mwembamba, shingo imebabuka kwa jua, mwoga wa kukosea kupita kiasi. Lakini huyu alirudi kuuliza tena. Akawa anaandika somo la Bwawa mstari kwa mstari, na kila mstari anamletea Delma jikoni kwake.

“Nikisema hivi, Shangazi, sitakuwa nimekosea?”

“Utakosea. Nitakugombeza, kisha tutakunywa chai. Kuteleza si kuanguka.”

“Na siku usipokuwepo?”

“Nisipokuwepo ndiyo usinisubiri. Kwani wewe mtoto mchanga, mimi nepi yako?”

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Sasa nikikumbuka sicheki.

Wakaenda kwa Bibi na zawadi ya mkia wa kangaruu. Bibi akamtazama Callum juu mpaka chini. “Huko kwenu hawali?” Kisha akamsimulia saa mbili nzima, kinasa sauti kipo mezani. Callum akaanza kulia, Bibi akamwambia, “Machozi baadaye. Wape watoto habari hii.” Callum akawapitia wenye ng'ombe nyumba kwa nyumba, akivumilia mbwa wao na maneno yao. Wengine walimfungia mlango, lakini mama mmoja alisema atakuja aketi nyuma ya darasa asikilize mwenyewe. Siku ikapangwa, Alhamisi. Mimi niliyekuwa nikimkejeli dada yangu nikaanza kuamini, na hilo ndilo linaloniuma.

Siku tisa kabla ya Alhamisi hiyo Bibi akafariki.

Kwetu mtu akifa jina lake linawekwa chini, halitajwi, picha zake zinafichwa, na sauti yake haisikiki mpaka wenye msiba waruhusu. Tukahamia matangani nje ya mji, Delma kajipaka udongo mweupe kichwani, simu hagusi. Hakuwa na wasiwasi. Habari ya jina alikuwa amemwambia Callum. Habari ya picha amemwambia. Habari ya sauti hakumwambia, maana hakuna mzee wetu aliyewahi kunaswa sauti kabla ya huyo. Haikumjia akilini.

Na Callum, masikini, aliona heshima kubwa ya kumpa marehemu ni kutoiacha Alhamisi ipite. Aliondoa picha ukutani. Jina hakulitaja. Akawaambia watoto sikilizeni, akawasha.

Darasani alikuwamo Tyra, kitukuu wa Bibi, miaka tisa. Mama yake alimrudisha shule asubuhi hiyo ili apumzike na vilio. Akamsikia bibi yake, wiki ya pili kaburini, anasema, “Haya wajukuu, sogeeni karibu.” Mtoto aliinuka akatoka mbio, akaja matangani kwa miguu kilomita nne. Kwa majuma kadhaa alikuwa halali, anasema Bibi anamwita asogee.

Mama yake alimjia Delma mbele ya watu wote. “Nani alimpa mzungu sauti ya Bibi?”

“Mimi.”

“Nani alimwambia asisubiri mtu?”

“Mimi,” akasema Delma. Nilitaka kusema, wenzangu, dada yangu kakosea nini hasa? Sikusema. Na mimi ni wa msiba uleule.

Watoto wetu ishirini na wawili wakatolewa shule. Kinasa chenye sauti ya Bibi wenye msiba walikidai wakakichoma, na ilikuwa haki yao. Callum alikuja akasimama mbali, kofia mkononi, mpaka Delma akamwendea.

“Nigombeze, Shangazi. Uliahidi.”

“Nenda kwenu, mwanangu.”

Alipanda ndege ya Jumatatu. Namlaumu, na namhurumia. Sijui kipi kwanza.

Muhula ulipofunguliwa watoto wamesharudi, mwalimu mkuu akamwita Delma. Ni mama mwema yule, angekuwa mbaya ningepata pa kutemea mate. Alisema wamejifunza, hawataki kuwaumiza tena watu wetu. Habari za Bwawa hazitafundishwa tena shuleni, kwa heshima ya utamaduni wetu. Wazazi wenye ng'ombe wameulizwa, wamekubali wote, kura haikuchukua hata dakika tano.

“Na walimu wapya, Delma, tungeomba uwaeleze wewe,” akasema. “Wakisikia kwako wataelewa.”

Delma ana wajukuu wanne wanaokula kwa kazi ile. Mwalimu mpya alikuwa binti mchangamfu, daftari jipya mkononi. Nilikuwa nafagia ukumbini, mlango wazi.

“Kuna bwawa upande wa kaskazini,” Delma alimwambia. “Habari zake usiwafundishe watoto. Wala usiwaulize.”

“Kwa nini, Shangazi? Kulitokea nini?”

Nikadhani atasema. Nikashika ufagio nikingoja.

“Ni mila yetu tu,” akasema.

Yule binti akaandika.