Mwamba Uliobana Kisima

Siku hizi mtaani kwetu Dodoma karibu kila anayejenga anachimba kisima. Mashine ikishapita udongo mwekundu huanza kutapika tope la kijivu, lenye harufu ya chuma na ya kitu kilichokaa gizani muda mrefu. Majirani husogea kutazama. Mimi hufunga dirisha.

Tope hilo nililinusa mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, kijijini kwetu, upande wa Hombolo. Kisima chetu kilikuwa kirefu, kimechimbwa kwa mashine kabla sijazaliwa, na ufunguo wa mfuniko wake aliutunza mama. Mkutano ulimchagua kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno mengi. Kila alfajiri alifungua, watu wakapanga ndoo, nami nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Mwaka huo pampu iliyokuwa chini kabisa iliharibika. Mafundi walipoivuta ilipanda kidogo, ikakwama. Walihangaika nayo kwa minyororo mpaka jioni, na ilipotoka ilikuwa imekwanguka pande zote, imegandwa na tope la kijivu kama sufuria iliyoungua uji. Wakateremsha jiwe kwa kamba. Halikufika hata nusu ya kina.

Fundi mkuu alikuwa kijana mwenye haraka ya kurudi mjini. Alijifuta mikono, akasema, "Humu kuna kitu kimetumbukizwa." Mzee Chilewa, mwenyekiti wetu, ndiye aliyemalizia. "Mfuniko una ufunguo mmoja. Mama Eliza, umetutilia nini humu?"

Mama alipiga magoti mbele ya wazee. "Baba, sijatia kitu."

"Na angetia, angesema?" akauliza mwanamke mmoja nyuma, na watu wakacheka. Mama alibaki magotini kwenye lile tope mpaka kicheko kikaisha, kwa sababu hakuna aliyemwambia ainuke.

Kilipochimbwa kisima kingine, iliamuliwa asikikaribie. Tukawa tunafukua mchanga wa korongo na kungoja maji yajikusanye, kikombe kwa kikombe, tukigombania na mbuzi. Shuleni waliniuliza, "Eliza, mama yako maji yetu ameyaficha wapi?" Mdogo wangu aliharisha kwa maji yale, akafa kabla ya mvua. Kwenye msiba majirani walileta kuni na unga. Maji hawakuleta. Baada ya kuzika, tulihamia mjini.

Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Mengine nimeyapata kwenye vitabu vya mitumba, na kwa wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga niliokuwa nikiwauzia chakula, ambao walinieleza nilipokwama. Mwamba wa chini hubeba uzito wa vyote vilivyo juu yake. Ukiutoboa, upande wa tundu unabaki bila cha kuuegemeza. Mwamba mgumu huvumilia. Uliooza na kuchanganyika na udongo husogea polepole, unene wa unywele baada ya unywele, mwaka hata mwaka, mpaka tundu linabana. Kinachouzuia ni bomba la chuma lililoshushwa mpaka chini. Letu liliishia juu. Tena jiwe lililotumbukizwa lingeikwangua pampu upande mmoja tu. Ile ilikwanguka kuizunguka yote, na kijiji kizima kiliiona.

Mama alipozeeka aliomba jambo moja: azikwe kijijini, kando ya mdogo wangu. Nikaenda kwa mzee Chilewa, kwani bila neno lake nani angechimba kaburi? Nilimkuta macho yamefifia. Nikaomba ugali laini uliotoka jikoni, nikautoboa kwa mwiko, tukazungumza habari za mvua na mifugo. Kisha nikamshika mkono, nikamwambia aingize kidole. Tundu lilikuwa limekwisha kubana.

Alisikiliza maelezo yangu yote bila kunikatiza.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Mwamba unatembea. Sasa niambie, nani aliuambia utembee?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua kweli. Utotoni niliamini kwamba walimwonea mama kwa kutojua kilichoziba kisima. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwa wakitafuta kitu. Walitaka mtu, na mtu walikuwa naye tayari, amepiga magoti.

Niliondoka bila kuliomba lile kaburi. Mama alipofariki nilimzika mjini, katikati ya watu asiowajua.